Misheni Ianzie kwa Bibi

Kila Desemba ndege zinazotoka Doha, Addis Ababa na Amsterdam hushusha Dar es Salaam, Nairobi na Kilimanjaro familia za namna moja. Baba ni mzaliwa wa Muleba, au Kisii, au Moshi. Watoto wamezaliwa Minnesota au Texas, na Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Nyuma yao wanafuata washirika wawili watatu wa kanisa lao, wamevaa fulana za rangi moja. Kwa kawaida abiria huruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23, na sehemu kubwa ya uzito huo si nguo zao. Ni viatu, miswaki, kalamu za rangi na mipira iliyotolewa upepo, vyote vimechangwa kanisani miezi kadhaa kabla ya safari.

Wiki ya kwanza ni ya ndugu: makaburi, bibi, shangazi, ndizi na nyama, senene kama msimu umekubali. Wiki ya pili ndiyo ya misheni, na misheni hapo ni kituo cha watoto yatima. Watoto hupangwa mstari, wakaimba, wakagawiwa zawadi, picha zikapigwa, na wageni wakatoa machozi ya kweli. Januari picha hizo huonyeshwa kanisani ng'ambo, na kapu la sadaka likapita tena.

Hakuna sababu ya kuwacheka watu hawa. Nauli ya mtu mmoja kutoka Marekani msimu huo hupita dola 1,000 bila shida. Kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, mzaliwa wa Muleba aliyechukua pasipoti ya Marekani amelipa kwa miaka mingi viza ya dola 100 kuingia nyumbani kwao. Anayetumia akiba yake hivyo, badala ya kuwapeleka watoto ufukweni Florida, ana moyo. Kosa liko kwenye ratiba yake.

Ratiba hiyo huwatenga ndugu na yatima kana kwamba ni watu wa dunia mbili. Fedha iliyochangwa kanisani ni ya yatima wa kituoni. Ya bibi inatoka mfukoni mwa baba, kimyakimya, na haitajwi kwenye taarifa ya safari. Lakini bibi huyo, mara nyingi mjane, analea wajukuu waliofiwa na baba, au mama, au wote wawili. Waraka wa Yakobo, ambao washirika hawa huutegemea wanapochangisha, unawataja yatima na wajane pamoja. Pale kijijini bado wako pamoja, chini ya bati moja. Walioweka wiki kati yao ni waandaaji wa safari.

Kagera inalijua jambo hili kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huko mwaka 1983, na hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kusambazwa kwa wingi miaka ya 2000, vijiji vya Bukoba na Muleba vilikuwa vimezika kizazi kizima cha wazazi vijana. Vituo vilijengwa, vingine na makanisa, vikafanya kazi ya heshima. Hata hivyo watoto wengi mno waliofiwa hawakukanyaga kituo. Walihamia kwa bibi, kwa mama mdogo, kwa kaka aliyekuwa bado kidato cha pili.

Ukoo uliwapokea, ila haukuwa na uwezo wa kutosha. Watafiti wa uchumi waliowafuatilia watoto wa Kagera tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2004 waligundua kwamba waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikua wakiwa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walipoteza karibu mwaka mmoja wa shule. Mtoto alikuwa na kwao, ana jina na shamba la migomba, lakini sahani yake ilikuwa ndogo. Pengo la namna hiyo linazibika kwa fedha.

Na limewahi kuzibwa. Nshamba, wilayani Muleba, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini pensheni ndogo ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa wale wanaolea wajukuu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilibeba jina lililotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, yaani vitu ambavyo bibi akishika fedha huvinunua. Nani angechangisha kanisani kwa ajili ya chumvi? Kenya ilifanya jambo la aina hiyo kwa ngazi ya taifa. Mpango wa fedha kwa familia zinazolea yatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, na baadaye ukawa sehemu ya Inua Jamii, kila kaya ikipewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Utafiti ulionyesha kwamba mimba za mapema zilipungua kwa mabinti wa kaya hizo.

Sasa turudi kituoni. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya kila watano walio katika vituo wana mzazi aliye hai, mmoja au wote wawili. UNICEF nayo humhesabu kuwa yatima hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 kulikuwa na yatima karibu milioni 140 duniani, lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Wengi wa watoto wanaowaimbia wageni wana mzazi mahali fulani. Wamefikishwa pale na umaskini: bibi aliambiwa mtoto atakula mara tatu na kusoma shule ya Kiingereza, naye akaweka dole gumba.

Mgeni anaongeza nini hapo? Anaongeza sababu ya kituo kutafuta watoto zaidi. Kambodia, nchi inayopokea watalii wengi wenye huruma, ilishuhudia idadi ya vituo ikipanda kwa asilimia 75 kati ya 2005 na 2010, wakati vita vilikuwa vimekwisha na uchumi ukikua. Kituo kinachopata wafadhili kwa kuhesabu vichwa hakina haraka ya kumtafuta shangazi wa mtoto. Mwaka 2018 Australia ikawa nchi ya kwanza kutambua kwamba kuwaingiza watoto vituoni kwa ajili ya faida ni sura ya utumwa mamboleo, na mwaka uliofuata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaonya dhidi ya safari za kujitolea katika vituo vya yatima.

Kuna pia hatari ambayo makanisa huona aibu kuitaja. Mmarekani mmoja wa Pennsylvania alifika Bomet, Kenya, mwaka 2008 pamoja na familia yake, kama mmisionari, akafungua nyumba ya watoto. Mwaka 2021 mahakama ya nchini kwake ilimfunga zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu kingono wasichana aliowalea. Wageni wengi ni watu wema, hilo halina ubishi, lakini mtoto aliyezoeshwa kumkumbatia kila anayeshuka kwenye gari hana namna ya kumtambua asiye mwema.

Watetezi wa safari hizi huuliza: je, kituo kikifungwa kesho, watoto watalala wapi? Swali ni la haki. Wapo walioachwa wakiwa vichanga na hakuna anayejua kwao, na wapo walioondolewa kwenye nyumba za mateso. Hao wanahitaji pa kupokelewa, na walezi wanaokesha nao wanastahili mishahara, siyo pipi. Ila Rwanda, yenye historia nzito ya yatima, ilijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 2012 ilihesabu watoto 3,323 katika vituo 33, ikaanza kuwarudisha kwenye koo zao au kuwapeleka kwa familia za kuwalea. Kila kijiji kiliteuliwa watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kufuatilia maisha ya watoto nyumbani. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha nyumbani watoto zaidi ya 40,000 walioko vituoni. Serikali hizi si tajiri. Zimeona tu kwamba kumlea mtoto kituoni ni ghali kuliko kumsaidia shangazi yake.

Kwa hiyo familia ya Minnesota ije, na ikae wiki zote mbili upande wa ndugu. Watoto wake wajifunze kuchambua maharage na binamu zao, wasikie kilichompata baba mdogo ambaye jina lake halitajwi kwenye simu. Kama washirika wa kanisa wamefuatana nao, wapelekwe kwa mzee wa mtaa na kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, anayejua ni nyumba zipi zinalea watoto wasio wao. Ada ya shule za serikali Tanzania imefutwa hadi kidato cha sita, lakini sare, madaftari na nauli havijafutwa. Yule anayetaka kutembelea kituo lazima akiulize swali moja kabla ya kufungua begi: mwaka uliopita, ni watoto wangapi walirudi kwao?

Wachungaji wa huku nao wabanwe. Wao ndio wanaoandika ratiba, na kituo huwa rahisi kuonyesha: kina geti, kibao, na watoto arobaini mahali pamoja. Nyumba kumi za mabibi zimetawanyika kwenye migomba na barabara yake mvua ikinyesha haipitiki. Usharika unaweza kufungua akaunti ya kaya hizo, mwalimu mkuu akathibitisha mahudhurio, mzee wa kanisa akasaini kila robo mwaka, na taarifa ikatumwa Minnesota bila picha ya mtoto hata mmoja. Kanisa litakaloomba picha kwanza lijibiwe kwamba hazipo.