Mpiganaji, mchawi au mwizi: nani hasa mwenye nguvu?

UKITAKA kuona vijana wakibishana saa nzima bila kutaja kandanda wala siasa, waulize wanaocheza Dungeons & Dragons ni mhusika yupi anayewazidi wenzake nguvu. Mmoja atasema ni mchawi. Mwingine atacheka na kumwambia kuwa mchawi hufa kwa kofi moja, mwenye mchezo ni mpiganaji. Wa tatu atamtetea kuhani, kwa kuwa yeye ndiye anayewaponya wote. Mwizi hatajwi na yeyote, ila na yule aliyepewa kumwigiza, naye humtaja kwa kulalamika.

Hapa Nakuru mchezo huu si wa wengi, lakini umeingia katika baadhi ya nyumba, hasa zile zenye mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi likizoni na mambo mapya. Kwa mzazi ambaye hajawahi kuusikia, ni hadithi inayosimuliwa na watu wanne au watano waliozunguka meza. Mmoja ndiye msimulizi. Yeye hueleza mahali, hatari na maadui. Kila mmoja wa wale wengine ana mhusika wake, ambaye uwezo na udhaifu wake umeandikwa kwenye karatasi, na jambo likiwa na shaka dadu huamua. Hakuna timu mbili, wote wako upande mmoja. Na huo uchawi usikutie hofu. Ni wa majini na mazimwi, kama ule wa ngano tulizosimuliwa na nyanya zetu jioni tukingoja ugali uive.

Mchezo huu ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974. Kazi za wahusika zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi aliongezwa 1975. Watungaji walijua fika kwamba hawa hawalingani, na dawa waliyoitumia ilikuwa ya ajabu kidogo: waliwapandisha madaraja kwa mwendo tofauti. Katika sheria za msingi za miaka ya 1980, mwizi alihitaji alama 1,200 za uzoefu ili afike daraja la pili, kuhani 1,500, mpiganaji 2,000, na mchawi 2,500. Tena mchawi wa daraja la kwanza alikuwa na uchawi mmoja tu kwa siku nzima, na uhai wake uliamuliwa na dadu ya pande nne. Ukiangukia moja, panya akimuuma ni matanga. Lakini aliyevumilia mateso hayo mpaka madaraja ya juu aliwatawala wenzake wote, na wao walibaki kumbebea mizigo.

Mwaka 2000 sheria mpya zilifuta tofauti hiyo ya mwendo. Wote wakapanda kwa hesabu moja, ila uchawi haukupunguzwa vya kutosha, mizani ikalala upande mmoja. Mwaka 2008 watengenezaji walikwenda upande wa pili kabisa: kila kazi ikapewa nguvu zake kwa mpangilio ule ule. Haki ikapatikana, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba mpiganaji na mchawi sasa walikuwa chapati mbili za kikaango kimoja. Mimi nakubaliana nao. Kama kila mtu ana uwezo ule ule uliobadilishwa jina tu, ya nini kuchagua?

Sheria zilizotoka 2014, ambazo sehemu yake ya msingi ilitolewa bure kwenye intaneti, zilirudisha tofauti. Hebu tuzifanyie hesabu kidogo.

Chukua mchawi na mpiganaji, wote wa daraja la tano. Mchawi anaweza kurusha mpira wa moto unaoamuliwa kwa dadu nane za pande sita, yaani wastani wa alama 28 kwa kila adui aliye ndani ya moto huo. Ukiwapata watatu pamoja, hizo ni 84 kwa mpigo mmoja. Mpiganaji mwenye upanga na msuli mzuri hupiga mara mbili kwa mzunguko, kila pigo wastani wa 8.5, jumla 17. Lo! Karibu mara tano. Bila shaka hapa ndipo wengi hufunga daftari na kumtangaza mshindi.

Wamefunga mapema mno. Mchawi huyo ana nafasi mbili tu za uchawi wa kiwango hicho, na kwa kawaida hazirudi zote mpaka alale usingizi kamili wa saa nane. Zikiisha, anabaki na uchawi mdogo na ule mshale wa moto usiokwisha, ambao kwa daraja hilo humpata adui mmoja kwa wastani wa 11. Mpiganaji bado yuko na 17 zake, mzunguko baada ya mzunguko, wala upanga hauombi kulala. Tukichukulia kwamba kila pigo limefika, na tukiweka kando uchawi mdogo na hila nyingine za kila upande, mpiganaji anahitaji mizunguko ipatayo 22 kulipa lile pengo la mipira miwili ya moto. Hayo ni mapigano matano au sita ya mizunguko minne minne. Na kitabu cha msimulizi cha 2014 kilikadiria kwamba kundi la mashujaa laweza kustahimili mapigano sita hadi manane ya wastani kwa siku moja.

Kwa hivyo anayeuliza nani mwenye nguvu aulizwe naye: kuna mapigano mangapi kabla ya kulala? Ikiwa ni moja, mchawi ni mfalme. Ikiwa ni saba, mambo ni mengine.

Naye mwizi anayedharauliwa? Huyu ndiye aliyenishangaza. Kwa daraja lilo hilo, pigo lake moja la upanga mwembamba hubeba dadu tatu zaidi za kuvizia, na wastani wake unafika 19, yaani linazidi mapigo mawili ya mpiganaji. Sharti ni kwamba awe na nafasi ya kuvizia, na njia rahisi ya kuipata ni mwenzake kusimama karibu na adui yule yule, umbali usiozidi futi tano. Nguvu ya mwizi basi imo katika miguu ya mtu mwingine.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikaa alasiri nzima katika nyumba moja ya mtaa wa Section 58, nikiwatazama ndugu watatu na binamu yao wakicheza. Kifungua mimba, anayesomea Egerton kule Njoro, ndiye aliyekuwa msimulizi. Dadu ya pande 20 hawakuwa nayo. Walikuwa wameandika nambari kwenye vifuniko 20 vya soda wakavitia katika soksi kuukuu, kila mtu akichomoa na kurudisha. Mashujaa wao walikuwa wakiteremka ndani ya shimo la Menengai, mahali penye mvuke utokao ardhini, wakimtafuta zimwi.

Mchawi alikuwa kijana wa kidato cha tatu. Kila baada ya pigano alisema, "Tunalala," na kakake alimkubalia. Wakalala saa tatu asubuhi. Wakaamka, wakapigana, wakalala tena, wakati sheria yenyewe haimruhusu mtu kupata faida ya usingizi kamili zaidi ya mara moja kwa saa 24. Binamu, ambaye ndiye mpiganaji, alimkimbilia kila mara adui wa mbali ili aonekane shujaa. Mwizi alikuwa msichana wa Gredi ya Saba. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna mtego, wala hakuna aliyesimama karibu na adui wake. Alikuwa amechomoa kifuniko mara tano tu tangu saa nane. Ilipofika saa kumi aliinuka, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemtuma kuosha.

Mama yao ndiye aliyeona. "Kwani huu mchezo ni wa watu wawili?" aliuliza kutoka mlangoni. "Mbona mtoto amekimbilia sufuria?"

Wale vijana walijitetea kwamba mwizi ni mhusika dhaifu, ndivyo alivyotungwa. Si kweli, na hesabu nimeitoa hapo juu. Aliyemdhoofisha ni msimulizi, kwa kuwapa usingizi wa bure na safari isiyo na mlango hata mmoja. Sungura wa ngano zetu naye angekuwa kitoweo tu, kama msimulizi hangemwekea shimo la kumtegea Fisi.

Wazee wa bao hawangeshangaa. Kule Hyrax Hill, nje kidogo ya mji, ambako Mary Leakey alifanya uchimbaji mwaka 1937, mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Bao la Waswahili wa pwani lina mashimo 32 na kete 64, na kete zote ni sawa. Hakuna kete mchawi wala kete mwizi. Lakini kuna lile shimo liitwalo nyumba, ambalo huanza na kete sita na lina haki zake katika namua, ile sehemu ya kwanza ya mchezo. Ukishaitawanya nyumba, haki hizo zimekwisha. Mchezaji hodari haulizi kama nyumba ina nguvu. Huangalia mchezo umefika wapi.

Yule kaka wa Egerton aliwaita wote mezani upya. Alisema usiku utaingia mara moja tu, wakishafika chini. Kisha akaweka lango la chuma kwenye ukuta wa Menengai, lenye kufuli tatu, na walinzi wawili mbele yake. Binamu aliambiwa asimame alipo. Dadake alirudi akifuta mikono kwa rinda, akachomoa kifuniko cha 17, mlinzi wa kwanza akaanguka.

Wa pili alianguka baada ya ubishi mrefu kuhusu futi tano ni hatua ngapi. Mchawi alikuwa amebakiwa na mpira mmoja wa moto, na zimwi bado alikuwa ng'ambo ya lango. Akautazama uhai uliobaki kwenye karatasi yake, akamsukumia dadake ile soksi ya vifuniko.