Eda ni Ndefu Kuliko Mahindi

MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuchagua mbegu. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya vikundi vya akina mama vya dua na sala. Najua mtauliza, "Bwana Shamba ana nini na dua za akina mama?" Someni mpaka mwisho. Mtaona kwamba jambo hili linahusu shamba, tena linahusu chakula cha nyumbani.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Siku moja niliwaita wanakijiji kwenye shamba la mfano. Nilitaka kuwaonyesha jinsi ya kupanda mahindi kwa mistari. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Nilingoja sana. Walikuja wanaume sita na watoto wengi. Hakuja mwanamke hata mmoja. Na katika kijiji kile wanawake ndio washika jembe zaidi.

Niliuliza, nikaambiwa, "Akina mama wako kwenye arobaini."

Nilikasirika. Kesho yake nilisema mbele ya watu kwamba akina mama wanapoteza saa za kazi kwa kukaa mkekani na kunywa chai. Nilisema kwa sauti kubwa. Hakuna aliyenijibu.

Jioni alikuja kwangu mama mmoja, mtu mzima. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe unahesabu siku za mahindi. Sisi tunahesabu siku za watu. Ungetuuliza kwanza, ndipo utupangie siku."

Niliona haya. Nilimwomba radhi. Nikamwomba pia anieleze kazi ya kikundi chao. Mimi ni mwanamume, kwa hiyo sikuingia ndani walikokaa. Haya nitakayowaeleza niliyasikia kwake, na mengine niliyaona kwa macho yangu shambani.

KIKUNDI CHENYEWE

Wanawake wale walikuwa 14. Walikutana kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Walisoma Yasini, wakaomba dua, wakaulizana hali. Mwezi wa Mfungo Sita walisoma Maulidi. Akina mama Wakristo wa kijiji kile walikuwa na jumuiya yao, na siku yao ya sala. Kila upande ulisali kwa njia yake. Lakini kwenye uzazi na kwenye msiba walikwenda wote. Aliyebeba kuni alibeba, na aliyechota maji alichota.

Umoja wa namna hii si jambo geni. Wanawake Wakatoliki wa Tanzania waliunda umoja wao, WAWATA, mwaka 1972. Umoja wa akina mama wa Anglikana ni wa zamani zaidi. Ulianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876. Yeye alitaka akina mama wasaidiane katika kazi nzito ya kulea. Na bibi zetu walikaa pamoja kwenye uzazi na msiba kabla ya vyama vyote hivyo kuandikwa.

AROBAINI YA MZAZI

Ile Alhamisi niliyokasirika, kikundi kilikuwa kinamtoa mzazi. Mama akijifungua, hupumzika siku 40. Wenzake humpikia uji, humfulia nguo na kumchotea maji. Siku ya 40 huoga, huvaa kanga safi, na kutoka nje na mtoto wake. Wenzake humfukizia ubani na kumwombea dua. Mtoto huitwa kwa jina lake mbele ya watu.

Kitabu cha Mambo ya Walawi katika Biblia nacho kinataja siku 40 kwa mama aliyezaa mtoto wa kiume. Na wauguzi husema kwamba mwili wa mzazi unahitaji wiki 6 ili urudi katika hali yake. Wiki 6 ni siku 42. Basi wazee wetu hawakuwa mbali na wauguzi.

Lakini jambo moja lazima tulikumbuke. Kupumzika nyumbani kusimzuie mzazi kwenda kliniki. Akitokwa na damu nyingi, akipata homa, akiumwa sana na kichwa, au akipata degedege, msingoje arobaini. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Kiongozi wa kikundi kile aliniambia kuwa wao humtembelea mzazi kila siku kwa sababu hiyo. Mgonjwa aliye peke yake hana wa kumwona.

HESABU YA EDA NA HESABU YA MAHINDI

Sasa tuje kwenye jambo lililonifundisha zaidi.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Februari, mume wa mama mmoja wa kikundi alifariki. Marehemu alikuwa amekwisha kulima eka yake moja. Ilikuwa inangoja mvua za masika tu. Mjane akaingia eda.

Eda ya mjane Mwislamu ni miezi minne na siku kumi. Akiwa na mimba, eda yake huisha anapojifungua. Miezi hiyo ni ya mwezi mwandamo, kwa hiyo jumla ni kama siku 128. Mjane hukaa nyumbani kwake. Havai mapambo. Huomba na kumkumbuka mumewe. Habari za sheria ya eda waulizeni masheikh wenu. Mimi ni mtu wa mahindi. Kwa hiyo nilifanya hesabu ya mahindi.

Mbegu nyingi za mahindi zinazofaa ukanda wetu wa chini hukomaa kwa siku 100 hadi 120. Eda ni siku 128. Yaani eda ni ndefu kuliko maisha ya mahindi shambani. Mjane angeingia ndani kabla ya kupanda na kutoka baada ya mahindi ya wenzake kukauka. Katika kijiji kile mjane wa eda haendi shambani. Na mama huyu alikuwa na watoto wanne. Mkubwa alikuwa na miaka 11.

Liko jambo jingine. Shemeji yake mmoja alianza kusema, "Shamba hili likilala, nitalilima mimi." Nyinyi mnajua maneno kama hayo huishia wapi. Leo analima kwa kusaidia. Mwaka wa pili anasema shamba ni lake.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Alhamisi iliyofuata akina mama walisoma dua kwa marehemu. Kisha waligawana kazi. Baadaye kiongozi akaniita. Akasema, "Bwana Shamba, ulitaka kutufundisha mistari. Haya, tufundishe kwenye shamba la mjane."

Hivi ndivyo walivyofanya:

1. Walichanga mbegu. Eka moja inahitaji mbegu kilo 8 hadi 10. Kila mama alitoa kidogo. Waliokosa mbegu walitoa kazi.

2. Mvua zilipoanza katikati ya Machi, walipanda kwa asubuhi moja. Tulitumia kamba yenye alama. Kutoka mstari hadi mstari sentimeta 75. Kutoka shimo hadi shimo sentimeta 30, mmea mmoja kila shimo.

3. Palizi ya kwanza ilifanyika mahindi yalipofika wiki mbili. Palizi ya pili ilifanyika kama wiki tatu baadaye. Akina mama Wakristo walikuja palizi zote mbili.

4. Kila Alhamisi mmoja wao alikwenda kwa mjane na kumweleza hali ya shamba lake. Walimletea hata jani, aone rangi yake. Mjane alikaa na huzuni yake, lakini hakukaa na wasiwasi wa njaa.

Mwanzoni mwa Julai eda iliisha. Wenzake walikwenda asubuhi. Alioga, akavaa kanga mpya waliyomnunulia. Wakaomba dua. Kisha hawakukaa kula. Walitoka naye mpaka shambani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya shamba. Mahindi yalikuwa yamekauka vizuri. Mama yule alisimama mwanzo wa mstari wa kwanza, akautazama mpaka mwisho. Akavunja hindi moja, akalishika kifuani. Hakusema kitu. Wenzake walimwacha kwa muda, kisha wakaanza kuvuna.

Shamba lile lilitoa magunia 9. Yule shemeji hakurudia maneno yake. Shamba lililopandwa na wanawake 13 lina mashahidi 13.

Ndugu wasomaji, sheria nayo iko upande wa mjane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kuwa haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mjane akisumbuliwa, aende kwenye serikali ya kijiji. Na wenzake wafuatane naye.

SIKU ISIYO NA NGOMA

Ziko siku ambazo kila mtu anazijua: kuzaliwa, kuoa, kufa. Lakini kila mtu ana siku nyingine ambayo yeye tu ndiye anayeijua. Kikundi kile kilikuwa na desturi nzuri. Kila mama aliweza kuomba Alhamisi moja iwe yake. Alieleza sababu, na wenzake wakamwombea.

Bibi mmoja aliomba siku yake baada ya kusoma barua ya mwanawe. Aliisoma mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kusomewa na watu. Alisema, "Zamani kila siri ya mwanangu ilipita kwanza mdomoni mwa jirani." Nyinyi mnaosoma gazeti hili mnamwelewa.

Mama mwingine aliomba siku kwa ajili ya mtoto wake aliyefariki akiwa na siku tatu. Ilikuwa imepita miaka mingi. Watu walimwambia wakati ule, "Utapata mwingine." Basi hakulia mbele ya mtu. Alhamisi ile alisema jina alilotaka kumpa mtoto yule. Wenzake wakalisema pamoja naye katika dua. Kiongozi aliniambia kuwa tangu siku ile mama yule alianza tena kucheka.

Mimi nilizoea kupima kazi kwa magunia. Jambo hili haliwezi kupimwa kwa gunia. Lakini mtu aliyebeba mzigo moyoni peke yake hushindwa hata kuinua jembe.

GHARAMA ZISIWE KUBWA

Watu wengine huharibu desturi njema kwa kushindana. Huuza mahindi ya akiba ili wapike pilau ya arobaini. Mwezi wa pili wanaomba chakula. Kikundi kile kilikuwa na sharti: chai, na muhogo au viazi. Basi. Dini hazimlazimishi maskini. Akika ni kwa mwenye uwezo. Na Injili ya Luka inasema kuwa Maria na Yosefu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, sadaka yao ilikuwa ile ya njiwa, ambayo sheria iliwaruhusu watu wasio na uwezo wa kutoa mwana-kondoo.

ANDIKENI DAFTARI

Sasa mnajua kusoma na kuandika. Tumieni elimu hiyo. Kikundi kiwe na daftari moja. Chora mistari upate sehemu nne: tarehe, jina, jambo lililotokea, na msaada uliotolewa. Kwa mfano: "Machi 14. Shamba la mjane. Kupanda. Watu 14, mbegu kilo 9."

Daftari hili lina faida tatu. Kwanza, hakuna mama atakayesahauliwa. Pili, likitokea shauri la shamba, maandishi yapo. Tatu, mtakumbuka kuandikisha. Kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90, na kifo ndani ya siku 30. Kazi hiyo iko chini ya RITA. Mwulizeni mtendaji wenu mahali pa karibu pa kuandikishia. Cheti cha kifo humsaidia mjane kudai haki zake.

Mimi nilihamisha mafunzo yangu yakawa Jumanne. Tangu wakati huo, nikihamishiwa kijiji kipya, jambo la kwanza nauliza, "Akina mama hukutana siku gani?" Kisha ndipo napanga yangu.

Tuonane mwezi ujao. Tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini Bwana Shamba aliona haya?
2. Kijijini kwenu, mjane akiwa ndani, nani hulima shamba lake?
3. Ni dalili gani za hatari kwa mzazi? Zahanati ya karibu iko wapi?
4. Kikundi chenu kina daftari? Nani ataliandika?
5. Ungepewa siku moja iwe yako, ungetaka wenzako wakuombee kwa jambo gani? Andika mistari mitatu.