Bwana Shamba Kajifungua

"Bwana shamba wetu kajifungua, mtoto wa kike." Nimeyasikia hayo Mtawanya, kwenye benchi la kahawa, na hakuna aliyecheka. Kwenye barua za halmashauri cheo chake ni afisa ugani, hakina ubwana wala ubibi. Wanaosema bibi shamba wapo, lakini wengi hawaoni haja: bwana ni sehemu ya kazi, kama pikipiki ya serikali. Ukishuka delta ya Rufiji, kwenye mikoko, kuna bwana misitu, na kuna bwana samaki.

*

Ngeli zetu haziulizi mtu ni mke au mume. Mwenyekiti, mtendaji, fundi, mbunge: wote "a-". Akademia ya Ufaransa ilisubiri hadi 2019 ndipo ikaridhia majina ya kike ya vyeo. Ujerumani, Angela Merkel alipoingia madarakani 2005, neno Bundeskanzlerin, yaani kansela wa kike, likachaguliwa kuwa neno la mwaka. Sisi Machi 2021 tulimwapisha Samia Suluhu Hassan, na neno rais halikuguswa hata herufi. Tulichofanya ni kumtangulizia Mama. Mtangulizi wake tulimwita Tingatinga.

*

Rufiji wana historia na jambo hili la majina ya kutanguliza. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza akina mama wa TANU tangu 1955, alikuwa mbunge wao hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 1965. Hebu jaribu kulitaja jina lake bila Bibi. Haliji. Hata barabara yake pale Dar es Salaam imelibeba. Nyerere, waliyezunguka naye nchi nzima kudai uhuru, alibaki na Mwalimu, jina ambalo angeweza kuitwa mtu yeyote mwenye chaki. Sisemi Bibi ni dogo. Kwa Waswahili ni heshima kubwa. Nasema tu kwamba mmoja aliitwa kwa kazi yake, mwingine kwa jinsi yake.

*

Kiarabu ndicho kilichotuletea jozi za vyeo, cha kiume na cha kike: Alhaji na Hajat, ustadh na ustadhati. Hizo hatuzichanganyi kamwe.

*

Hospitalini mambo yanageuka. Muuguzi mwanamume akitoka tu mlangoni na koti jeupe, foleni nzima inamwamkia: "Shikamoo, dokta." Anayemsimamia, daktari mwanamke aliyesomea kazi yake miaka mitano, anavutwa koti: "Sista, samahani, dokta yupo?"