Waandike Kwanza, Waseme Baadaye

Msimu wa ufuta ukifika, mkulima wa Miteja, wilayani Kilwa, hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, ukapimwa na kuingia ghalani kungoja mnada. Mnada wenyewe hauna kelele. Kwa miaka kadhaa wanunuzi waliandika bei, wakatumbukiza bahasha kwenye sanduku, zikafunguliwa mbele ya wakulima. Siku hizi bei hushindanishwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mwenye sauti nene hana anachomzidi mwenzake.

Ofisini mambo ni mengine. Kwenye kikao, anayewahi kunyoosha mkono ndiye huonekana mchapakazi. Karani ambaye hesabu zake hazijawahi kupotea shilingi huitwa mpole, au huambiwa anaringa. Nafasi ya kukaimu ikitokea, hatajwi.

Hasara hiyo si yake peke yake; ofisi nayo hupoteza mawazo. Mwaka 1958, Taylor, Berry na Block wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha watu wanne waliobuni mawazo kwa pamoja na wanne waliobuni kila mmoja kivyake. Mawazo ya waliotenganishwa yalipojumlishwa, yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu, bado yalikuwa mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: mmoja akizungumza, wengine hungoja zamu, na katika kungoja mawazo hukwama.

Kwa hiyo kikao kingefaidika na utaratibu ambao wakulima wa ufuta wanaujua. Ajenda itoke siku moja kabla. Kila mtumishi aandike hoja yake bila jina, na mwenyekiti azisome zote kabla mjadala haujafunguliwa.

Wapo watakaosema mtumishi wa umma hana ruhusa ya kunyamaza. Ni kweli: muuguzi wa zahanati akiona dawa zinaisha na asiseme, anayeumia ni mgonjwa. Lakini taarifa aliyoiandika na kuikabidhi mapema ni kusema pia, tena ni kusema kusikoweza kukanushwa. Wa kulaumiwa ni mkubwa asiyeisoma mpaka apigiwe kelele.

Serikali sasa inawapima watumishi kwa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, badala ya OPRAS iliyoanza 2004. Kazi huingizwa humo, msimamizi akazipitia. Basi siku ya kuteua kaimu, rekodi hizo zifunguliwe kwanza, kabla wakubwa hawajaulizana nani anafahamika.