"Mama, Mbona Umechelewa?"

Kwa miaka 26 niliandika rejesta ya wagonjwa wa nje katika zahanati moja ya mlimani, upande wa mashariki wa Uluguru. Jina, kijiji, umri, ME au KE, ugonjwa, dawa. Nilipokaribia kustaafu, siku moja ya mvua na wagonjwa wachache, nilikaa nikahesabu watoto wote wa chini ya miaka mitano tuliowatibu mwaka ule. Wa kike na wa kiume walikaribiana mno. Nikafurahi. Nilikuwa nimesoma kwamba katika sehemu za India mtoto wa kiume akipata homa hukimbizwa hospitali, wa kike huambiwa tuone kesho, na kwamba kwa miaka mingi wasichana wadogo huko walikufa kwa wingi kuliko wavulana, ingawa kwa maumbile mtoto wa kiume ndiye dhaifu zaidi. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama. Nani amdharau binti, naye ndiye atakayeuendeleza ukoo na kurithi shamba?

Furaha ile haikudumu. Kitabu kilikuwa na safu ya jinsi ya mtoto. Hakikuwa na safu ya aliyemleta, wala ya siku ambazo mtoto alilala nyumbani akiumwa. Ingekuwepo, ningeijaza bila kuinua kichwa: mama, mama, bibi, mama, dada, mama.

Namkumbuka mama mmoja wa masika. Alifika saa kumi na moja alfajiri, kanga zimelowa, mtoto wa miezi tisa mgongoni. Nilipomfungua mtoto kifua, mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Nilihesabu kwa dakika nzima: pumzi 72. Kwa umri ule zikifika 50 tayari tunahofia nimonia. Nikamwuliza swali nililokwisha kuwauliza akina mama wengi kupita kiasi: "Mama, mbona umechelewa kumleta?" Akajibu akitazama sakafu, "Nilikuwa namsubiri baba yake, sista."

Baba alishuka Morogoro na mzigo wa ndizi tangu Jumatatu. Ile ilikuwa Alhamisi. Simu yake haikupatikana. Bodaboda wa usiku alitaka 15,000, na ndani ya nyumba kulikuwa na 2,000. Mwishowe akatembea. Tulimchoma mtoto sindano ya kwanza, nikaandika rufaa, gari likapatikana jua limekwisha kupanda. Hawakufika Mkuyuni nilikowaelekeza.

Kesho yake baba akarudi. Msibani, mbele ya watu, alimwuliza mkewe kwa nini hakumpeleka mtoto mapema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huzuni ya kweli, na pesa za ndizi zilikuwa mfukoni mwake. Mkewe hakujibu kitu, nami nilikuwa nimekaa mkekani karibu naye, nikijua kwamba mimi ndiye niliyetangulia kumwuliza swali lile.

Wageni wakisikia kwamba kwetu ardhi hupita kwa mama, hudhani mwanamke wa Uluguru ana neno la mwisho. Shamba ni la ukoo wake, ndiyo. Ila ndizi na mdalasini vikishapanda gari, hesabu hufanywa mjini, pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, lenye jina la chifu wa kwetu Kinole, na fedha hupanda mlima zikiwa katika mfuko wa suruali. Mwanamke ana shamba lakini hana nauli. Na nauli ndiyo tiba ya kwanza. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali, na ni sera njema ambayo nimeitumikia kwa moyo wote. Lakini bure hiyo huanzia mlangoni kwetu. Kabla ya mlango kuna pikipiki. Baada yake kuna dawa iliyokwisha inayotafutwa dukani, na kuna chakula cha siku tatu za wodini.

Kuna pia ruhusa. Mama akiondoka usiku bila kumwambia mtu na mtoto akapona haraka, ataambiwa amepoteza pesa kwa homa ya kawaida. Akisubiri na mtoto akafa, ataambiwa amezembea. Mtoto akishikwa na degedege ndiyo kabisa: bibi anasema sindano itamuua, mjomba anataka aitwe mtaalamu wa mizizi, baba hayupo, na mwenye mtoto mikononi ndiye asiyeulizwa.

Sisemi hakuna kilichobadilika. Morogoro Vijijini, pamoja na Rufiji, tulikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini mwaka 1997 kufundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu homa peke yake, na nilishuhudia watoto wakipona ambao zamani tungewazika. Kwa nchi nzima, utafiti wa mwaka 2004 na 2005 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifa kabla ya miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Chandarua, chanjo na dawa mseto vimefanya kazi kubwa. Kwa hao 43 naamini mseto peke yake hautoshi, kwa sababu niliowaona mimi wakifa, dawa yao ilikuwepo kabatini. Waliofika wamechelewa ndio hao.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto matibabu. Imesema mzazi, haikusema mama. Na ninyi akina baba mlioajiriwa mjini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawapa siku 4 za likizo ya malipo mtoto akiugua au akifariki. Wangapi mmewahi kuziomba kwa ajili ya ugonjwa? Najua haya huwashika. Baba mmoja alituletea pacha wake wawili wanaharisha, mmoja kila mkono, na benchi lote likanyamaza. Watu walidhani mkewe amekufa. Mimi mwenyewe, badala ya kumpokea, nilimwuliza mama yao yuko wapi. Alikuwa nyumbani, anaumwa kama wao. Nilimwomba radhi baadaye, lakini hakurudi tena yeye. Safari iliyofuata alikuja mama.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi wenzangu mlio kazini: liacheni lile swali la "mbona umechelewa." Ulizeni "ameanza kuumwa lini" na "nani alikuwa na nauli," na mwandike majibu, hata pembezoni mwa ukurasa. Wizara iongeze safu hizo mbili. Mabaraza yetu ya halmashauri yakiona mwaka mzima wa majibu hayo, hayatatulia kwa sababu tu ME na KE zimelingana.

Na fedha ya homa ikae kwa anayembeba mtoto. Baba anayeshuka na mzigo aiache kabla ya kupanda gari, kama anavyoacha pesa ya chumvi. Kikundi chetu cha VICOBA kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa akina mama watatu wa vitongoji tofauti. Ni ulinzi mzuri wa hisa, ila mtoto akizidiwa usiku huwezi kuzunguka mlima mzima ukiamsha watu watatu. Tulibishana vikao viwili. Mwishowe tukatoa 60,000 za mfuko wa jamii nje ya sanduku, zikakaa kwangu, ndani ya kopo la maziwa.

Juzi binti mmoja alinigongea saa nane usiku, mtoto anahema vibaya. Nilimpa 20,000 kabla hajamaliza salamu. Mumewe alizirudisha Jumapili. Alisimama mlangoni kwangu kitambo kirefu, kisha akauliza kama mwanamume anaruhusiwa kuchangia kopo.