Msimlaumu Mwanafunzi, Tazameni Meza

Ndugu msomaji, usigeuze ukurasa kwa kudhani haya ni mambo ya wanafizikia peke yao. Muhula uliopita mwenzangu aliambiwa mbele ya darasa zima kwamba amepika matokeo. Alipima kipande kimoja cha chuma mara tano, akapata majibu matano tofauti. Alama zikaenda. Mimi nilikuwa kando yake na naapa hakupika kitu. Kilichopika ni barabara.

Maabara yetu hapa Makueni iko hatua chache tu kutoka kwenye lami, na malori ya mchanga hayapumziki. Likipita moja lililojaa, vioo vya madirisha vinalia na tarakimu za mizani zinaruka kama zina wazimu. Tulipokwenda Kitui kwa kongamano la sayansi tuliona mizani ya aina ileile, katika shule iliyo mbali na barabara kuu. Imetulia tuli! Je, wenzetu wa Kitui ni waaminifu kutushinda? Hata kidogo.

Kuna waliosema, "Wekeni mpira chini yake, yaishe." Tukaweka kipande cha mpira mgumu. Wapi! Tarakimu zikazidi kucheza. Hapo ndipo nilipokwenda kusoma habari za springi, na maoni yangu ni kwamba tunafundishwa springi nusunusu. Tunajua kuitundikia uzani na kuchora grafu ya mtihani, basi.

Jambo lenyewe ni hili. Kitu kilichokalia springi kina mwendo wake wa kucheza, na mwendo huo hutegemea springi imedidimia kiasi gani kwa uzito wake. Ikididimia milimita 1, kitu hicho hucheza kama mara 16 kwa sekunde. Sentimita 1, mara 5. Sentimita 25, mara 1 tu. Sasa chukua mtikisiko wa lori unaokuja mara 10 kwa sekunde. Springi ya sentimita 1 itapitisha theluthi yake hivi. Ile ya milimita 1 itauongeza, uwe zaidi ya mara moja na nusu ya ulivyokuwa! Kumbe mpira wetu haukuwa kinga, ulikuwa kipaza sauti.

Springi laini nayo ina visa vyake. Ukiigusa meza kwa kiwiko inayumba, inayumba, mpaka kengele inalia. Ndiyo maana matatu ina springi na shoki pamoja. Shoki humaliza huo mchezo, ila ikizidi ugumu, mtikisiko wa haraka hupenya tena.

Wanaopima matetemeko ya ardhi wana shida yao, maana wao wanautaka mtikisiko. Kiko kituo Kilimambogo, si mbali sana na kwetu, ambacho pia husikilizia majaribio ya mabomu ya nyuklia duniani. Mawimbi mengine ya ardhi huchukua sekunde 20 kupanda na kushuka mara moja. Ukitaka springi ya kawaida icheze polepole hivyo, lazima ivutike karibu mita 100! Nani ana dari ya namna hiyo? Katika miaka ya 1930, Mmarekani Lucien LaCoste alitengeneza springi ambayo mizunguko yake imebanana tangu mwanzo, akaitega kimshazari, uzani ukacheza polepole ndani ya kisanduku. Hiyo ndiyo akili ya kubuni. Springi ni ileile ya chuma, tofauti ni namna ilivyosukwa na kutegwa.

Sisi hatuhitaji maajabu hayo. Naomba bamba zito la zege likalie springi nne zinazodidimia sentimita 2, na vipande vya mpira ubavuni vya kutuliza myumbo. Hapo mtikisiko ule wa mara 10 utapita sehemu moja tu kwa saba. Springi kuukuu zimejaa kwa mafundi wa jua kali hapo sokoni. Bamba lisiguse ukuta, la sivyo kazi yote ni bure.

Mpaka hapo, tupime lori likishapita, na walimu wetu waturuhusu kuandika daftarini, "Lori limepita." Mwenzangu bado anayo yale majibu matano, hajayafuta. Naomba yasahihishwe upya.