Mbwa Achechemeaye

Asubuhi mbwa wako alikimbia vema. Jioni ainua mguu wa nyuma, wala hakanyagi. Usidhani daima ni mwiba. Tazama wayo na vidole. Usipoona kidonda, huenda kano ya goti imekatika, ile ishikayo mfupa wa paja na wa muundi.

Usimkande kwa nguvu, wala usimpe dawa za watu: parasetamoli na ibuprofeni zaweza kumwua. Mfunge kamba asiruke, kisha umpeleke kwa mganga wa wanyama. Mbwa mdogo pengine hupona kwa kupumzika majuma 6 hadi 8. Mkubwa mara nyingi hupasuliwa. Tena usimnenepeshe, maana uzito hulemea goti la pili. Aliyekulinda usiku, nawe umlinde.